Likizo Inaisha Ijumaa

Mjane alikuwa anadai maiti, na maiti haikuwepo. Hilo ndilo lililomfikisha Inspekta Eugène Wilondja mbele ya meza ya Komanda Fabien asubuhi ile, kabla hata hajanywa chai.

"Kigoma banapiga foni tena," Komanda alisema. "Bibi ya ile muntu analia tu. Anaomba tumurudishie maiti ya bwana yake, azike. Sasa mi nitaitoa wapi?"

"Maiti ya nani, Shefu?"

"Haule. Muntu ya Tanzania. Amekufa hapa Baraka, na miye Komanda ya Baraka sikumuona ata siku yenye alikuwa muzima!"

Komanda alikuwa amekasirika kweli. Katika vita ile watu wengi walikuwa wamekufa bila yeye kuarifiwa, na hakuna aliyemsumbua. Huyu Haule alikuwa wa kwanza kufa akiwa na mke anayejua kutumia redio.

"Mwenye alimuua tumekwisha kumukamata," Komanda aliendelea. "Anaitwa Likizo. Basoda bangu balimusimamisha ku barieri ya Mutambala. Bakamuuliza: we iko nani? Akajibu, na meno inje: niko Likizo. Sasa angalia alikuwa amevaa nini."

Akaweka viatu mezani. Viatu vya ngozi, vya kahawia, vilivyobadilishwa visigino mara nyingi. Ndani ya kila kimoja mtu alikuwa ameandika kwa wino wa buluu, herufi kubwakubwa: HAULE.

"Kamio inapanda Fizi jioni," alisema Komanda. "Aseme maiti iko wapi, ao asiseme, anapanda."

Inspekta hakupenda kusikia habari ya lori lile. Kabla ya mvua alikuwa amempandisha humo mtu mmoja, Anatole muuza chumvi, kwa kosa ambalo hata halikueleweka vizuri. Aliambiwa Anatole atasikilizwa huko juu Fizi, kisha atarudi. Mvua zilikuja zikaisha. Mke wa Anatole alikuwa bado anapita ofisini, anasimama mlangoni, anauliza, anaondoka. Inspekta alikuwa anaona aibu mpaka siku nyingine anajificha nyuma ya kabati.

"Nipe mupaka jioni, Shefu."

"Jioni njo nimesema. Leta maiti."

*

Mtuhumiwa alikuwa amefungiwa katika depo ya zamani ya mchele. Alikuwa mnene kiasi, ana kipara, hana viatu, na alikuwa amevaa kaptula. Inspekta alimtazama magoti kwa muda. Mtu mzima, si askari, si mtoto wa shule, na magoti yako nje! Hicho peke yake kilikuwa kitu cha kuulizia.

"Jina?"

"Ponsian Haule. Mwalimu. Kwetu Songea, lakini nafundisha Kigoma."

"Ku barieri ulisema Likizo."

"Ndiyo, bwana. Niko likizo."

"We iko Haule ao iko Likizo?"

"Yote mawili," alisema yule mtu, anashangaa kuulizwa.

Inspekta alivuta gunia akakaa. Amehoji waongo wengi, lakini kwa kawaida mwongo huchagua jina moja.

"Haule na Likizo balikuwa pamoja?"

"Sasa bila likizo Haule angefikaje huku? Likizo ndiyo iliyonileta."

"Ah! Kwa hiyo mulikuwa babili."

"Nani? Nilikuja peke yangu!"

"Makaratasi yako?"

"Walichukua askari pale niliposhuka mtumbwini. Wakasema watanirudishia kesho yake. Kesho yake nikakuta askari wengine."

Hilo lingeweza kuwa kweli. Wale wa ufukweni walikuwa wamehamishiwa Ubwari, na walipohama walibeba kila kitu, hata bati za choo.

"Ulikuja kufanya nini Baraka?"

"Kutembea tu."

"Mu vita?"

Yule mtu akakuna kipara. "Nilidhani imepungua," alisema.

*

Mama Pulchérie ndiye mwenye nyumba ya wageni karibu na soko. Tangu vita ianze hakuwa amepata mgeni aliyelipa, na huyu mmoja aliyempata amekuwa mwuaji. Alikuwa na uchungu, na alikuwa tayari kusema.

"Njo yeye, Inspekta. Hapa kwangu pia alijiita Likizo. Nilimukaribisha, nikamuuliza, akasema: Mama, niko Likizo. Nikasema sawa, Papa Likizo, ingia."

"Na mizigo yake? Aliacha sakoshi mu chumba?"

"Iko na jina ya Haule! Nimeiona leo asubuhi. Miye naweka muuaji mu nyumba, namupikia na mboga ya lenga-lenga, ee Yesu!"

"Alikuwa anafanya nini mchana?"

Mama Pulchérie alisogeza kiti. Hapo ndipo alipokuwa anapangoja.

"Anaenda ku ziwa kuoga. Asubuhi anaoga. Mchana anaoga. Jioni anaoga. Na sabuni hana! Namuambia, Papa Likizo, chukua sabuni. Anasema, apana Mama, haina lazima. Sasa, Inspekta, muntu mwenye anaoga kutwa nzima bila sabuni, anaondosha nini ku mwili?"

Inspekta alipiga hesabu kichwani. Damu, labda. Lakini damu pia inataka sabuni.

"Halafu akapanda mulima. Bila panga. Bila kitunga. Kuni hakuleta, majani ya dawa hakuleta, alishuka mikono mitupu, jasho tupu. Nikamuuliza, ulifuata nini kule? Akasema, kuangalia. Kuangalia nini? Akasema, Baraka. Nikamuambia, Papa, Baraka si iko hapa chini? Ulikuwa ndani yake! Juu ya nini uipandie mulima?"

"Akajibu nini?"

"Akasema iko muzuri." Mama Pulchérie alimwinamia Inspekta. "Miye nikajua ile muntu ana kitu."

Inspekta alipanda mlima ule mwenyewe, kwa sababu kazi ni kazi. Alitafuta udongo uliochimbwa, nzi, harufu. Alipata jiwe bapa lenye alama ya mtu aliyekaa, na maganda ya ndizi. Hakuna zaidi. Alikaa kwenye jiwe kupumua. Chini aliona mapaa ya Baraka, mitumbwi imelala mchangani, na ng'ambo ya maji rasi ya Ubwari yote, imejinyoosha. Alikuwa amezaliwa hapa na hajawahi kukaa pale juu. Akajikuta amekaa muda mrefu kuliko alivyotaka, akasimama haraka, akashuka.

*

Vainqueur alikuwa anashona wavu wake. Ni mvuvi wa Swima aliyehamia Baraka, na alianza kusema kabla hajaulizwa.

"Inspekta, ile muntu si muzima ya kichwa. Aliniomba nimupeleke ku ziwa. Namuuliza, tunaenda wapi? Anasema, popote. Popote! Nikapiga kasia mupaka karibu na Ubwari. Nikasema tumefika, shuka. Akasema, apana, sasa turudi."

"Hakushuka?"

"Hakushuka! Hakuvua, hakununua, hakuona ndugu. Tulirudi pale pale tulitoka. Mi nilizaliwa mu mutumbwi, lakini sijaona muntu anapanda mutumbwi juu ya kuenda mahali anatoka."

Inspekta akainama karibu. "Alitupa kitu mu maji?"

"Ndiyo."

"Kikubwa?"

"Ganda ya ndizi."

Inspekta alishusha pumzi. "Na njiani alikuwa anafanya nini?"

"Anacheka. Peke yake. Anaangalia maji, anacheka. Halafu akaniuliza, viboko biko wapi? Nikafikiri anataka kujua nafasi ya kukimbia, sawa bantu bote. Nikamuonyesha kule ku mudomo ya muto Mutambala. Wapi! Alitaka kuenda pale! Njo kule basoda balimukamata, anaenda kusalimia viboko na miguu yake."

"Unafikiri alificha maiti kule?"

"Kiboko hali nyama, Inspekta," Vainqueur alisema kwa upole, kama anayeogopa kumwaibisha mkubwa. "Anakukata tu, anakuachia."

*

Kibanda cha foni kilikuwa na betri ya gari, redio moja, na Alphonse. Waya wa antena ulipanda mpaka juu ya mchikichi. Tangu barabara zifungwe, habari zote za Baraka kwenda ng'ambo zilipitia mdomoni mwa Alphonse: ndoa, mitihani, misiba. Alikuwa na sauti nene, na alijua anayo.

"Nani alileta habari ya kifo ya Haule?" Inspekta aliuliza.

"Likizo mwenyewe!"

"Muuaji alikuja kutangaza maiti yake mwenyewe?"

"Na alikuwa anakula ndizi, Shefu. Hakulia ata kidogo. Nilishangaa sana."

"Alisema nini? Neno kwa neno."

Alphonse akanyoosha shingo. "Alisema: muambie Mama Skola, kule Kigoma, Haule anapumzika huku Baraka, asiwe na wasiwasi. Nikashika foni, nikapasha: Kigoma, Kigoma, hapa Baraka. Bamuambie Mama Skola, Haule amepumzika huku Baraka. À toi, zamu yako."

"Alisema anapumzika, ao alisema amepumzika?"

"Iko kintu moja, Shefu. Muntu mwenye anapumzika, si amepumzika?"

Alphonse alisema alichojua. Baraka ya miaka ile, ukisikia mtu amepumzika unauliza matanga iko wapi. Pasta anasema amepumzika, katekista anasema amepumzika. Walio hai hakuna aliyekuwa na nafasi hiyo.

Basi mambo yalikuwa mabaya kwa yule wa kaptula. Jina la uongo, viatu vya marehemu, sakoshi ya marehemu, kuoga kutwa, na kifo amekitangaza mwenyewe huku anatafuna. Nje, dereva alikuwa ameanza kumimina mafuta kwenye lori kwa mdomo na mpira.

*

Inspekta alirudi depo. Safari hii alibeba viatu, akaviweka chini kati yao.

"Mwalimu, mi nataka kukusaidia, na unanikatalia. Kamio iko inanywa mazuti. Unasikia? Ukipanda ile kamio mi sitakuona tena. Niambie ukweli. Nani alikutuma Baraka?"

"Hakuna aliyenituma! Ni watu wenu."

"Batu betu gani?"

"Wakimbizi. Kwetu Kigoma wamejaa. Watoto wao nawafundisha, mama zao wanauza maandazi pale shuleni. Kila siku ni Baraka, Baraka. Mchanga wa Baraka. Mlima wa Baraka. Wanasema mgebuka wa Baraka hauhitaji chumvi. Miaka mitatu nasikia hayo, bwana Inspekta. Nikasema, shule zikifungwa lazima nikapaone." Akaangalia miguu yake mitupu. "Hawakuniambia kama ni hivi. Hawaongelei vita kabisa. Wanaongelea samaki."

Inspekta alivisogeza viatu karibu na miguu ile. Dada yake mwenyewe alivuka ziwa na wale wa kwanza.

"Ulimukula huyo mugebuka?" aliuliza mwisho.

"Nilimla. Alikuwa mtamu ajabu. Mama Pulchérie alimbanika. Mama yule anajua kupika."

"Na chumvi?"

"Kweli, hakuhitaji."

"Hahitaji," Inspekta alikubali. Halafu akakumbuka kazi. "Na huyu Likizo, sasa? Mwisho wake ni nini?"

"Likizo inaisha Ijumaa," alisema yule mtu, na kwa mara ya kwanza macho yakamjaa machozi. "Inaisha Ijumaa, na nisipokuwa darasani Jumatatu, mkuu wa shule atanila nyama."

Inspekta alikuwa amekwisha kusimama aende zake. Akageuka polepole.

"Rudilia."

"Atanila nyama."

"Apana. Ya mbele."

"Likizo inaisha Ijumaa."

"Ulisema Mama Pulchérie amefanya nini?"

"Alimbanika samaki."

"Mugebuka, ulisema alikuwa namna gani?"

"Mtamu. Alikuwa mtamu. Kwani nimekosea?"

"Haukosei! Njo hapo!" Inspekta alianza kutembea ndani ya depo, mkono kichwani. "Siye huku, muntu iko, meza iko, mbuzi iko, yote iko. Ninyi hamusemi vile. Muntu, munaanza na a. Samaki ya kula, na yeye a! Ata samaki mwenye amekwisha kubanikwa munamupa heshima. Sasa juu ya nini Likizo iko inaisha? Juu ya nini hausemi anaisha?"

"Kwa sababu likizo si mtu!"

"Ni nini?"

"Ni likizo! Ni… shule zikifungwa. Mwalimu hafanyi kazi. Anakaa, anatembea, anaogelea, anapumzika."

"Vakansi!" Inspekta alipiga kelele mpaka askari wa mlangoni akashika bunduki. "Konje! We iko mu vakansi!"

"Kifaransa sijui, bwana."

"Na anapumzika… Mwalimu, kwenu muntu mwenye anapumzika, anakuwa muzima?"

"Sasa asipokuwa mzima atapumzikaje?"

Inspekta alikaa chini kwenye gunia akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasikia injini ya lori inakohoa, na kicheko kikamkatikia hapo hapo. Akamshika mwalimu mkono, akamvuta nje, peku vile vile.

*

"Vakansi?" alisema Komanda Fabien. "Huku? Mi mwenyewe tangu vita sijapata konje ata ya siku moja, huyu akuje kufanya ya kwake kwangu? Uongo. Apande."

"Shefu, tumupigie bibi yake foni. Akisikia sauti, atajua."

Komanda aliangalia lori, akaangalia magoti ya mwalimu, akatema mate. Lakini kusumbuliwa na mjane kulikuwa kumemchosha. "Twende," alisema.

Kibandani walijibana wote wanne. Alphonse aliita Kigoma, Kigoma ikaitika, ikasemwa Mama Skola yuko hapo hapo, amekaa nje tangu asubuhi na wanawake wa msiba. Alphonse akampa mwalimu kifaa cha kusemea.

"Mama Skola. Ni mimi. Ponsian. Mimi mzima."

Redio ikavuma. Kisha ukaja ukelele uliomfanya Komanda aruke nyuma.

"Mshindwe! Mshindwe kwa jina la Yesu! Mmeniulia mume wangu, sasa mnaniigizia na sauti yake! Rudisheni maiti!"

"Mama Skola, nisikilize…"

"Nyamaza, mzimu!"

Komanda akatikisa kichwa. "Umeona? Bibi mwenyewe anamukana. Apande."

Inspekta akanyakua kifaa. "Mama, mi ni Inspekta ya Baraka. Tafazali, Mama yangu. Uliza muntu huyu kitu kimoja tu, chenye bwana yako peke yake njo anaweza kujibu. Akikosea, tunamupandisha mu kamio. À toi."

Wanawake wa msiba walisikika kwa mbali, wananong'ona, wanashauriana. Nje dereva alipiga honi.

"Haya," ilisema sauti ya Mama Skola, nzito sasa. "Aseme. Mbuzi wangu wa Pasaka alikufaje?"

Mwalimu Haule alibadilika sura. Alimtazama Inspekta, akatazama lori kupitia mlangoni, akatazama kile kifaa kana kwamba kitamuuma. Jasho lilimtoka kiparani.

"Jibu!" Inspekta alinong'ona. "Sema ukweli, Mwalimu, ni roho yako!"

Mwalimu akameza mate. Akafunga macho.

"Aligongwa na nyoka," alisema.

Kigoma ikanyamaza. Komanda akaanza kuinua mkono amwite askari.

"Ndiye!" redio ililipuka. "Ni yeye! Ni yeye mwenyewe, mume wangu mzima! Nyoka! Nyoka gani anaacha mifupa na pilipili kwenye sufuria nyuma ya ofisi ya walimu? Miaka miwili namwuliza, miaka miwili ananiambia nyoka! Duniani hakuna mtu mwingine anayeweza kufa na uongo ule! Ponsian! Na uliniaga unakwenda semina!"

Halafu akalia, na wanawake wote wakalia naye, na ilikuwa wazi hata kwa Alphonse kwamba kilio hiki si kile cha asubuhi. Mwalimu naye alikuwa analia, kipara chake kimeegemea redio. "Nisamehe, mke wangu," alikuwa anasema. "Nisamehe. Nilitaka tu kuona."

Komanda Fabien alitoka nje, akageukia ukuta, mabega yakamtikisika. Aliporudi alikuwa anajifuta macho. Hakuna aliyethubutu kuuliza kama alikuwa anacheka.

"Muachilie," alisema. "Nani anaweza kuvumbua uongo sawa ile?"

"Baba Komanda, usimwachie!" redio ilipaza. "Mweke hapo hapo mpaka nimfuate!"

"Ni amri, Mama?"

"Ni amri!"

"Basi akae kwa Mama Pulchérie," Komanda alisema. "Mupaka Ijumaa."

Inspekta alimpa mwalimu viatu vyake. Mwalimu hakuvivaa, alivibeba mkononi akashuka moja kwa moja ziwani, na Mama Pulchérie alisikika kutoka sokoni akimwitia sabuni. Lori lilipanda Fizi na magunia ya muhogo na mbuzi mmoja. Inspekta alilitazama mpaka vumbi likatulia, na moyo wake ukawa mwepesi kuliko ulivyokuwa tangu kabla ya mvua.

Kisha akamwona mke wa Anatole. Amesimama mlangoni mwa ofisi, ng'ambo ya barabara, kitenge kile kile, anangoja kuuliza. Inspekta alijua kabati liko wapi. Badala yake aliinua mkono akamwita, akamwonyesha benchi la kibanda cha foni, akaingia ndani.

"Alphonse. Piga Fizi."

Alphonse alikuwa ameanza kufunga. "Fizi? Nani anabatafuta?"

"Miye. Uliza juu ya Anatole, muuza chumvi. Na usiweke neno ya kupumzika ndani. Sema hivi, neno kwa neno: iko muzima, ao amekufa?"

Alphonse aliangalia mlangoni, akamwona mama aliyekaa benchini, mikono juu ya magoti. Akakaa. Akasafisha koo, na mara hii hakuinenepesha sauti.

"Fizi, Fizi, hapa Baraka," alisema. "À toi."